Nukta Iliyokwama kwa Shira ya Halwa

Jumamosi, 9 Februari 2002

Mwanangu kaliita friji mama.

Naandika huku machozi yananitoka, lakini kidogo tu, daftari la Bi Kheiria hili na hapendi lilowe. Yaqdhan ana miezi minane. Leo kanyoosha kidole, kafungua kinywa, kasema mama! Wazi kabisa! Mimi sikuwepo. Nilikuwa kiwandani Rusayl. Aliyeshuhudia ni Bi Kheiria, mama mkwe wangu, na anasema nisilie, mtoto ana akili. Asubuhi nakamua maziwa yangu, natia chupa ndani ya friji, naondoka. Friji linabaki. Linanguruma vizuri, lina taa, na maziwa yanatoka humo. Ati hata yeye angekuwa mtoto angesema hivyo hivyo.

Ahsante, mkwe.

Dhiki yote ni zamu. Kiwanda chetu cha halwa hapa Oman kinatuweka saa mbili mpaka saa saba, kisha saa kumi mpaka saa moja usiku. Katikati siwezi kurudi nyumbani Wadi Kabir, ni mbali. Nakaa kivulini nyuma ya stoo, natazamana na paka. Nikifika nyumbani mtoto kalala. Jina lake maana yake aliye macho, na kweli mchana kutwa hafumbi jicho. Anafumba nikibisha hodi mimi.

Baba yake yuko kambi ya mafuta, jangwani. Yeye hajaitwa chochote bado, kwa hiyo hana la kulalamika.

Lakini leo! Bwana Sleyum, msimamizi wa chumba cha mizani, katangaza. Baada ya Iddi Kubwa mmoja wetu atapata zamu ya moja kwa moja: asubuhi mpaka saa nane, basi, nyumbani. Mmoja tu. Atakayeingiza bakuli nyingi zaidi kwenye kompyuta mpaka Jumanne ya wiki ya Iddi.

Tuko wawili, mimi na Beryl, Mkenya. Kompyuta moja. Mmoja anapima bakuli na kuandika uzito kwenye karatasi, mwengine anaingiza kwenye jedwali, na mashine ya lebo inachapa kile inachokiona. Asubuhi kompyuta ni yangu. Jioni ni ya Beryl.

Friji, jitayarishe.


Jumapili, 10 Februari

Beryl ni balaa! Anaingiza hesabu huku anaimba nyimbo za kwaya, na vidole vinadonoa kama kuku kwenye mtama. Akifika kibwagizo anaongeza kasi. Mimi nikiimba nakosea.

Na mimi nna shida yangu. Uzito wote una nukta, na baada ya nukta tarakimu tatu. 0.487. 0.502. 0.495. Kitufe cha nukta, kile cha upande wa namba, kimekwama. Kuna mtu alikula halwa juu ya kompyuta, shira ikaingia. Ukikibonyeza hakirudi, kinatoa nukta kumi mfululizo. (Ni mimi niliyekula. Kipande kidogo.) Sasa kila bakuli mkono mmoja uko kwenye namba, na mwengine unakwenda kuitafuta ile nukta nyengine, ya kwenye herufi. Kama mtu anayekanda unga huku anafukuza nzi.

Beryl analo tatizo hilo hilo, ila yeye halimsumbui. Ana mikono mirefu.

Mpango wa kwanza: nimekisugua kitufe kwa maji ya moto na ndimu. Sasa kimekwama na kinanukia.

Mpango wa pili: nimemwendea Bwana Sleyum, nikamwambia kwa adabu, kwa nini tusiandike gramu? 487, basi, nukta ya nini? Akasema hapana. Mzee Mahfoudh, mwenye kiwanda, anataka kilo kwenye lebo, na babu yake pia aliuza kwa kilo. Nilitaka kumwambia babu yake aliuza kwa ratili. Nikarudi kazini. Nna mtoto.

Jioni Beryl kanipita. Akaniambia, pole Mama Yaqdhan, usichoke sana. Ile pole yake ina sukari kuliko halwa.


Jumatatu, 11 Februari

Ya Rabbi! Nimeipata!

Asubuhi Bwana Sleyum alikwenda kwenye masufuria kuonja, Beryl yuko mizani. Nikasema leo nitafungua kila mlango wa hii programu mpaka nijue kilichomo. Nikabonyeza menyu, ikatoa menyu nyengine, na hiyo ikatoa ukurasa mzima wa visanduku. Kiingereza kitupu. Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili tu, nikawa nasoma herufi kwa herufi kama mtoto wa chuoni. Nikakuta kisanduku kimoja kinazungumzia nukta! Nukta isiyohama! Pembeni yake pameandikwa namba: mbili.

Nikatia tiki. Nikaandika 487 bila nukta, nje ya jedwali, nikabonyeza. Ikatoka 4.87.

Nukta imejitia yenyewe! Nikaziba mdomo nisipige kigelegele.

Lakini mahali si pake. Halafu nikafahamu. Ile mbili! Hiyo ni ya watu wenye senti. Kina Beryl kwao shilingi ina senti mia, nukta yao inafuatwa na mbili. Sie wa Oman riali ina baisa elfu, nukta inafuatwa na tatu, hata mtoto anayetumwa mkate anajua. Nikafuta mbili, nikaandika tatu. 487. Ikatoka 0.487.

Niliingiza bakuli kama mashine ya cherehani! 502, 495, 511, 480! Mkono mmoja tu! Mkono wa pili sikujua niuweke wapi, nikashika kikombe cha chai. Mwanamke anaingiza hesabu huku anakunywa chai!

Kabla ya zamu kwisha nikaondoa tiki. Beryl akija aikute nukta yake iliyokwama, pamoja na harufu ya ndimu.

Leo nimempita. Nilimrudishia pole yake kama ilivyokuja.


Jumatano, 13 Februari

Siku ya ushindi wangu na upumbavu wangu, lakini zaidi ushindi.

Kwanza ile siri ina mkia. Ukitia tiki, pembeni chini ya kioo panatokea herufi tatu ndogo za kuonyesha kisanduku kinafanya kazi. Beryl ana macho ya mwewe. Nikachukua lebo ya halwa ya lozi, nikaibandika juu ya zile herufi. Beryl akauliza ya nini. Nikamwambia kioo kina mkwaruzo unaniumiza macho. Akasema, weh, basi na mimi niletewe moja.

Pili. Saa nne nilitoka kidogo kwenda kunawa, tiki nimeiacha. Bwana Sleyum akaingia. Kumbe Mzee Mahfoudh ana wageni nyumbani kwake Bustan, anataka masinia ya kilo tano tano, na Bwana Sleyum akaona aandike mwenyewe. Akaandika 5. Ikatoka 0.005.

Akaandika tena. 0.005. Akaandika kwa nguvu. Narudi namkuta anasoma audhu billahi, na Beryl kaweka kiganja juu ya kompyuta, kafumba macho, anaiombea kwa jina la Yesu. Kila mmoja kwa njia yake. Lebo moja ilikwisha kutoka: halwa ya zafarani, kilo 0.005. Bwana Sleyum akasema hiyo si halwa, hiyo ni dawa, kijiko asubuhi na jioni.

Hapo ningeondoa tiki kimya kimya. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini wote wawili wananitazama kama daktari kaingia! Nikapandisha mikono ya baibui. Nikakaa. Nikafungua menyu polepole, nikafungua na ya pili, nikaonyesha kwa kidole, nikaondoa tiki, nikaandika 5. Ikatoka 5.000. Bwana Sleyum akasema mashaallah, huyu mtoto kasoma wapi?

Nilirudi nyumbani naelea.

Sasa hivi tu, namfunika Yaqdhan, nimekumbuka. Beryl alikuwa amesimama nyuma yangu, anakoroga chai. Alikoroga muda mrefu sana kwa mtu asiyetia sukari.


Ijumaa, 15 Februari

Mapumziko. Siku nzima na mwanangu!

Nimemfundisha. Mimi hapa, mama. Ma-ma. Ananitazama kwa huruma, anageuza shingo jikoni, anasema mama. Friji likamjibu, grrr.

Nikasema huyu tutapambana naye. Nikachomoa waya. Kidogo tu, linyamaze, mtoto alisahau. Yaqdhan akalia mpaka akakauka sauti. Nikambeba, nikamtembeza uani, nikamwimbia, tukalala sote wawili kwenye mkeka, kaniegemea kifuani, mkono wake ndani ya ukosi wangu. Usingizi mtamu! Sijalala hivyo tangu nimzae.

Waya nilisahau.

Bi Kheiria alikuwa kaweka samaki nguru mzima wa mchuzi wa Iddi. Hakupiga kelele. Alinifungulia mlango wa friji tu, akaniacha ninuse mwenyewe. Halafu akasema, mwanangu, hili lina wivu kama wewe, usilichokoze.


Jumamosi, 16 Februari

Nimeibiwa!

Beryl leo jioni aliingiza bakuli kwa kasi isiyo ya binadamu. Haimbi tena. Anayeimba ana nafasi ya kuvuta pumzi, huyu hana! Nilikuwa mizani, nampa karatasi, hata wino haujakauka kashamaliza, ananyoosha mkono anataka nyengine. Kanipita kwa mbali.

Nikamchungulia kazi yake. Ajabu. Bakuli zake zote zinaishia sifuri. 0.490. 0.500. 0.480. Mimi nimempa 0.487, yeye kaandika 0.490! Nikambana. Nikamwambia, Beryl, gramu tatu za watu ziko wapi? Akacheka, akasema, aki Mama Yaqdhan, gramu tatu ni vumbi, sisi kwetu hatupimi vumbi.

Nikampeleka kwa Bwana Sleyum. Akasema hakuna mtu atakayepima gramu tatu sikukuu, halwa yenyewe inabaki kwenye mfuniko kuliko hapo, na mimi niache kuwa kama mke mwenza.

Kwa hiyo yeye anaingiza tarakimu mbili, sifuri ya mwisho jedwali linaijaza lenyewe, mimi tatu! Kila bakuli ananiacha kidole kimoja. Nami siwezi kuandika mbili. Nimejaribu. Vidole vyangu ni vya Oman, vinataka tatu.


Jumatatu, 18 Februari

Mpango mpya, na huu ni wa kitaalamu.

Nimejichunguza kazini. Nini kinanichelewesha? Si vidole. Ni macho! Natazama karatasi, natazama kioo, narudi kwenye karatasi. Kila bakuli shingo inakwenda na kurudi kama ya mbuni. Sasa mtu ukishajua nukta inajitia yenyewe, mahali pake, kioo unakitazamia nini? Kuna nini huko? Halwa haibadiliki.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya hesabu, na asubuhi ni yangu. Sitatazama kioo. Karatasi tu, na vidole. Nimefanya mazoezi mezani kwa Bi Kheiria, macho juu ya karatasi, vidole juu ya kunde. Bi Kheiria akaniuliza nachambua au nahesabu. Nikamwambia nashinda.

Leo Beryl kaondoka mbio mbio, basi la kanisa lilikuwa nje linapiga honi, wana mazoezi ya kwaya Ruwi. Hata mkoba alirudi kuuchukua. Basi ndiyo sababu anaitaka zamu ile! Kwa ajili ya kwaya! Na mimi mwanangu anabembelezwa na kifaa cha umeme!


Jumanne, 19 Februari

Nimeshinda! Nimeshinda! Alhamdulillahi!

Nikakaa saa mbili barabara. Nikafungua menyu, nikatia tiki, bila hata kusoma. Nisome nini, kisanduku changu mwenyewe. Nikainamisha kichwa. Sikuinua mpaka saa saba. Beryl ananiletea karatasi, namnyang'anya. Mashine ya lebo inakohoa bila kupumzika, vijana wa kubandika wanazivuta na kubandika, makatoni yanapanda lori, lori linaondoka, linakuja jengine. Halwa yote ya Iddi ya Ruwi, Muttrah na Wadi Kabir imepita chini ya vidole vyangu hivi!

Bwana Sleyum alipitia hesabu ya bakuli, akasema nimempita Beryl na hawezi kunifikia hata akichapa kwa miguu. Beryl akanipa mkono. Alisema hongera, na nadhani ilikuwa hongera ya kweli, kwa hiyo nami nikampa nusu ya mkate wangu wa kumimina.

Nikamwambia Bi Kheiria akanunue halwa yetu ya sikukuu, bakuli kutoka kiwandani kwangu, dukani pale chini. Aone kazi ya mkaza mwanawe.

Friji nimelipita bila kulisalimia.


Jumatano, 20 Februari

Nataka kufa lakini nna mtoto.

Saa tatu asubuhi simu ya Bwana Sleyum ikalia. Tukamwona anasikiliza, anasimama, anakaa, anasimama. Ati kuna duka Wadi Kabir, na ndani ya duka kuna mwanamke mtu mzima, mtoto kiunoni, kaweka bakuli la nusu kilo juu ya meza. Bakuli limeandikwa kilo 4.950. Anadai kilo zake nne na ushee zilizobaki. Mwenye duka kamwambia ni makosa ya lebo. Yule mwanamke akasema hayawezekani makosa, anayeandika hesabu hizi anamjua, hakosei, na kamwona kwa macho yake akifanya mazoezi kwa kunde. Nyuma yake wamekwisha kusanyika kina mama wengine, kila mmoja na bakuli lake, wanataka haki yao.

Bwana Sleyum akatugeukia, akauliza kwa sauti ndogo, nani anafanya mazoezi kwa kunde?

Nikatazama dari.

Beryl akakimbilia kompyuta. 4.870. 5.020. 4.950. Asubuhi yangu nzima! Halwa ya mji mzima! Bwana Sleyum akafungua kisanduku, tiki ipo, na pembeni yake, badala ya tatu yangu, imekaa mbili.

Mbili! Nikapiga kelele, mbili hii ni ya nani? Ni ya mtu wa senti! Beryl naye akapiga kelele, kwanza hicho kisanduku ulikificha kwa nini, na lebo ya lozi juu yake! Kumbe aliniona siku ile, akakichukua, akakitia mbili yake, na kila jioni akiondoka alikuwa anairudisha tatu ili nisijue. Kila jioni, isipokuwa juzi, na jana jioni hapakuwa na bakuli za kuingiza. Tiki aliiondoa. Mbili aliiacha. Basi la kwaya lilikuwa linapiga honi.

Malori yakarudi. Tukakaa chini mimi na Beryl, tunabandua lebo kwa kucha na kubandika mpya, mpaka Magharibi, hatusemezani.

Nimefika nyumbani. Bi Kheiria ananingoja mlangoni, kifua mbele. Ananiambia, nnamwambia yule mwenye duka, weye huna haya, mkaza mwanangu akiandika tano ni tano! Hakunipa kilo zangu, lakini kanipa bakuli la pili ninyamaze. Nimekutetea, mwanangu.

Nikamwambia ahsante, mkwe. Nikalila lile bakuli la pili nimesimama.


Alhamisi, 21 Februari

Bwana Sleyum katuita. Nilijua ananifukuza. Nilivaa baibui langu zuri, nisifukuzwe na la kazini.

Alianza na Mzee Mahfoudh. Mzee kapata khabari. Baada ya sikukuu anataka barua ya kuombwa radhi, kwa Kiswahili cha heshima, kama alichosomea Unguja. Na Bwana Sleyum ndiye atakayeiandika, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu, na hilo ndilo linalomuuma. Kisha akasema mmegombania kisanduku kimoja kama wake wenza na sufuria. Kwa nini? Zamu hii ina asali?

Beryl akasema kwaya.

Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Yakaruka. Nikasema mwanangu analiita friji mama.

Bwana Sleyum akatazama chini, mabega yanatikisika. Beryl akaangua kicheko, akacheka mpaka akajifuta macho, akaendelea kujifuta na kicheko kimekwisha. Akasema yeye ana binti, kamwacha kwa dada yake Kakamega. Kwenye simu binti anamwita yule dada mama. Mama mwenyewe anamwita Beryl.

Sikujua. Tumekaa chumba kimoja mwaka mzima, sikuwahi kumuuliza.

Nikamshika mkono. Bado ulikuwa na gundi ya lebo, nadhani tulinatana kidogo.

Bwana Sleyum akasema basi, zamu mtapokezana, wiki yako, wiki yake. Na kisanduku ni tatu, kila siku tatu, na atakayekigusa atakwenda kukoroga masufuria. Beryl akasema wiki ya kwanza achukue Mama Yaqdhan. Aende akapambane na friji lake.

Ilibidi mtoto wa watu kutoka Kakamega anifundishe ukarimu. Nimeapa hapa, mbele ya daftari la Bi Kheiria: nimekoma. Hakuna siri tena, hakuna mpango, na kioo nitakitazama kila mstari.


Jumatano, 27 Februari

Siku ya kwanza ya zamu mpya! Saa tisa na kitu niko mlangoni, na jua bado liko juu!

Yaqdhan yuko jikoni, mapajani mwa bibi yake, macho wazi. Nikasimama baina yake na friji. Akanitazama. Akanyoosha mikono miwili. Mama!

Sikuamini. Nikasogea kushoto, macho yakanifuata kushoto. Nikasogea kulia, yakanifuata kulia. Mama! Ni mimi! Nikalia, nikacheka, nikamwambia Bi Kheiria, umeona, umeona? Bi Kheiria akasema nimeona, mwanangu, umeshika chupa ya maziwa.

Nikaiweka chini. Akasema mama tena. Bi Kheiria akasema na friji liko nyuma yako. Nikamwambia sasa halionekani, nimeliziba na mabega yangu yote. Naandika hivi na haitafutwa: kaniita mimi. Kisha nikambeba, akaniegemea, na aliye macho akalala mchana kweupe.

Nimemtazama saa nzima. Wiki hii yote nitakuwa hivi. Wiki ijayo ni ya Beryl. Haki yake, sina neno.

Ila mtoto huyu wiki moja atanizoea, wiki ya pili atanisahau, friji halina zamu. Na kama mmoja wetu ana kasi mara mbili ya mwenziwe, msimamizi mwenye akili si atampa wiki zote?

Kwa sababu leo nimefungua mlango mwengine wa ile menyu, na humo mna kitu! Unaandika herufi mbili tu, kompyuta inamalizia maneno yote! Kila bakuli tunaandika Halwa ya zafarani na lozi, neno kwa neno. Sasa basi! Nikatafuta herufi mbili nyepesi, vidole visipate tabu. Nimechagua neno na. Naandika na, inatoka Halwa ya zafarani na lozi, nzima, na herufi kubwa mbele! Popote kwenye kompyuta ile! Kisanduku cha nukta sikukigusa, kwa hiyo kiapo kiko pale pale. Beryl nitamwambia. Si sasa.

Nilipokuwa natoka Bwana Sleyum kaniuliza kama kesho alfajiri anaweza kukalia kompyuta yangu kabla sijaja, aandike ile barua ya Mzee Mahfoudh. Ana haraka, gari litakuwa linaingoja. Nikamwambia karibu sana, Bwana Sleyum. Nikampa na siri ya kasi, maana kanitendea wema: inamisha kichwa uandike, kioo usikitazame.